Maji ya Ukuta

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Machi 1977, ukuta wa mashariki wa chumba cha Bi Lela, mtaani Mbotela, ulikuwa na madoa kumi na manne. Kanyiva aliyahesabu kabla hajatua ndoo. Ndiyo iliyokuwa kawaida yake. Doa lisilohesabiwa husahauliwa, na lililosahauliwa ndilo mkaguzi analoliona kwanza.

Vidole vilivyopapasa swichi gizani: doa moja, pana kama kiganja. Kutu iliyotiririka kutoka kwenye misumari: matatu. Mafuta ya nywele, mahali ambapo mtu alizoea kuegemeza kichwa akiwa kitandani: moja. Masizi ya jiko la mafuta ya taa: mawili. Sita yalikuwa ya chai, mchuzi na mvua iliyowahi kupenya dirishani. Hayo kumi na matatu aliyajua dawa yake. La kumi na nne halikuwa doa. Yalikuwa maandishi ya Kiarabu, mistari tisa ndani ya mraba, juu ya kichwa cha kitanda.

"Na hili?" aliuliza.

Bi Lela alikuwa amekaa mkekani kwa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja. Aliyejibu ni Kadija, wifi yake, muuza mahamri wa nyumba ya tatu kutoka hapo, ndiye aliyemleta Kanyiva, na aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe.

"Hilo ndilo lenyewe, Mama Ndindi. Mengine yote ni chachandu ya pembeni tu."

Bi Lela alikuwa katika siku ya thelathini na tisa ya eda. Mumewe, Faki Abdurahim, karani wa ghala la nafaka, alikufa tarehe 3 Februari kwa homa ya mapafu. Tangu siku hiyo mjane hakuvuka kizingiti, na hakupaswa kukivuka mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Nyumba ilikuwa ya serikali ya jiji, na kadi ya upangaji ilikuwa kwa jina la Faki. Barua ya ofisi ya nyumba, ambayo Kadija aliikunjua na kumpa Kanyiva aisome, ilisema kuwa kadi ingeandikwa upya kwa jina la mjane kwa masharti matatu. Kuta ziwe safi, zisiwe na maandishi ya aina yoyote. Mwombaji awepo mwenyewe wakati wa ukaguzi. Atie sahihi mbele ya mkaguzi. Ukaguzi ungefanywa Alhamisi tarehe 17, saa nne asubuhi. Asiyetimiza angetoka katika siku kumi na nne, na nyumba ingepewa aliye mbele kwenye orodha ya kungoja. Chini kabisa karani aliongeza kwa kalamu kwamba marehemu alikwisha kuonywa mara mbili juu ya maandishi ya ukutani.

"Akitolewa hapa ataikalia wapi eda yake?" Kadija alisema. "Kwangu? Tuko saba kwenye chumba kimoja, wawili kati yao wavulana wenye ndevu. Kwao ni Lamu. Mjane mwenye eda hupanda basi siku mbili akitazamwa na makondakta?"

"Basi yatatoka," Kanyiva alisema. "Hakuna kisichotoka kwenye rangi ya mafuta. Kuna kisichotoka haraka."

Hakuwa akijisifu. Alifanya kazi miaka tisa kwa dobi mmoja karibu na stesheni, na pale alijifunza kwamba kila doa lina adui yake, na kwamba anayetumia nguvu badala ya adui huyo huishia kutoboa shuka. Dobi alipofunga duka, Kanyiva aliihamishia elimu hiyo kwenye kuta. Watu wa Mbotela, Makongeni na Jericho walimwita kabla ya ukaguzi kama wengine wanavyoita mkunga.

"Huyu akiosha nyumba," Kadija alimwambia wifi yake ili kumchekesha, "mwenyewe akirudi jioni hupiga hodi, anadhani kakosea mlango."

Bi Lela hakucheka. Alisema: "Funikeni tu kwa kanga. Pigilieni misumari miwili, kanga ining'inie."

"Ataifunua," Kanyiva alisema. "Imeandikwa kwenye barua. Anakuja kutafuta hilo hilo."

"Basi pakeni rangi juu yake."

"Nimeliona hilo likifanywa. Zafarani hupenya rangi. Baada ya siku mbili inarudi, ya manjano, na wino nyuma yake. Itarudi Jumatano jioni, Mama Muhiba. Alhamisi atakuja."

Kanyiva alisogea, akayaangalia maandishi kwa karibu. Yalikuwa ya tabaka mbili. La chini lilikuwa la zafarani iliyofifia, kwa mkono wa haraka. La juu lilikuwa la wino wa ofisini, ule wa bluu unaoelekea weusi, na mkono wake ulikuwa wa polepole, ukifuata kila herufi ya chini bila kuikosa. Aliuliza yaliandikwa lini, kwa sababu umri wa doa ni nusu ya dawa yake.

"Ya zafarani, mwaka sitini na tisa," Bi Lela alisema. "Mwanangu Muhiba alikuwa na degedege. Baba yake akaandika Ayatul Kursi pale alipokuwa akilala. Ya wino, sabini na mbili. Aliona inafutika."

"Na Muhiba?"

"Alikufa sabini na moja."

Kanyiva alipiga hesabu ya miaka, akaona kwamba wino ulitiwa baada ya mtoto kufa. Halikuwa jambo la dawa.

Nje mtu alikuwa akipigilia bati. Mwishowe Bi Lela alisema kwamba atakubali, ila naye ana masharti yake, kwa kuwa kila mtu siku hizi ana masharti. Hayo maandishi yasiguswe na sabuni. Nani ajuaye mafuta ya sabuni yametoka kwa mnyama gani? Yaoshwe kwa kitambaa kipya. Maji yake yasidondoke sakafuni hata tone, wala yasimwagwe kwenye mtaro wanakopita mbwa. Yakingwe kwenye beseni safi.

"Kisha nikayamwage wapi?" Kanyiva aliuliza.

"Usiyamwage. Niachie mimi."

Kanyiva alikubali. Yalikuwa masharti manne na yote yalitekelezeka.

Alianza na madoa kumi na matatu, kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia. Aliosha kutoka chini kwenda juu, kama inavyopasa. Anayeanzia juu huteremsha michirizi ya maji machafu juu ya ukuta mkavu, na michirizi hiyo huwa kazi ya pili. Vidole vya swichi vilitoka kwa sabuni ya mche peke yake. Masizi yalitaka magadi kidogo. Kwa kutu alitoa kopo dogo la bati, zawadi ya mwisho ya dobi: unga mweupe, chembechembe kama sukari, unaotoa kutu na wino. Aliulowesha, akaupaka kwa pamba iliyozungushwa kijitini, akahesabu mpaka mia mbili, akasuuza. Kutu ilikwisha.

Saa sita na nusu alifika kwenye maandishi. Kadija alileta beseni lake la enameli, jeupe, lenye mstari wa bluu kwa ndani, lililotumika kukandia unga peke yake. Kanyiva alinawa mikono, akapanda juu ya kitanda, akalishikilia beseni kwa mkono wa kushoto chini ya mraba, na kwa wa kulia akakandika kitambaa kilicholoa. Hakusugua. Zafarani ilianza kuteremka, ya manjano kama mkojo wa mgonjwa, ikaingia ndani ya beseni bila tone kupotea. Bi Lela aligeukia ukuta wa pili. Kadija alikuwa akisoma kwa midomo bila sauti.

Baada ya dakika arobaini zafarani yote ilikuwa ndani ya beseni. Wino ulibaki. Ulikuwa umepauka kidogo tu, na mistari tisa ilisomeka vizuri kuliko mwanzo.

Kanyiva alijua kwa nini. Wino ule una chuma ndani yake. Kwa maji matupu ungebaki miaka kumi mingine. Adui yake alikuwamo kwenye kopo. Aliyapitia masharti akilini, moja moja. Sabuni ilikatazwa. Kitambaa kilikuwa kipya. Tone halikudondoka. Kuhusu dawa hapakusemwa kitu. Alitia vijiko vitatu ndani ya maji yale yale ya beseni, akakoroga mpaka ukayeyuka, akachovya kitambaa. Mgongo wake ulikuwa umewaelekea wanawake wawili. Hakujificha, ila hakusema.

Wino ulianza kutoka kwenye herufi za pembeni, kisha katikati. Saa tisa kasorobo ukuta ulikuwa na rangi moja ya kijani toka dirishani hadi mlangoni. Kanyiva alisuuza mahali pale mara tatu, na maji ya kusuuzia nayo akayakinga, kwa kuwa sharti ni sharti. Yalipotulia yalifika hasa kwenye mstari wa bluu. Kadija alifunika beseni kwa sinia na kulipandisha juu ya kabati.

"Tayari," Kanyiva alisema.

Bi Lela aligeuka. Alitazama ukuta kwa muda mrefu.

"Hata kivuli chake hakipo," alisema.

"Hakipo."

"Umefanya kazi, Mama Ndindi," alisema Bi Lela, kwa sauti ambayo Kanyiva hakuweza kuipima kama ni shukrani.

Jumanne Kanyiva alirudi kwa ajili ya ukuta wa kaskazini. Ili kuosha nyuma ya kabati ilimbidi alisogeze, na ili kulisogeza alishusha beseni. Aliinua sinia kuona kama limejaa kiasi cha kumwagika. Maji yalikuwa chini ya mstari wa bluu kwa upana wa kidole. Aliangalia upande wa chini wa beseni; palikuwa pakavu. Aliangalia juu ya kabati, pakavu pia. Siku ilikuwa ya joto, mabati yakilia. Alihukumu kuwa maji yamekauka kwa joto, akaendelea na kazi.

Siku hiyo Bi Lela aliongea kidogo, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. Kadija alisema hakulala, alitapika alfajiri.

"Ni huo ukuta," Kadija alinong'ona jikoni. "Miaka minane analala chini ya aya ya Mungu. Leo analala chini ya rangi ya serikali. Wewe ungelala?"

"Mimi ningelala," Kanyiva alisema.

"Wewe ni Mkamba, moyo wako umechongwa mti."

"Na wa kwenu umekaangwa mafuta kama mahamri. Lete maji ya moto."

Kadija alicheka, akaleta. Ilikuwa mara ya mwisho Kanyiva kumwona akicheka.

Jumatano, saa tisa alasiri, palibaki jiko na masizi ya dari. Kanyiva alimaliza saa kumi kasoro dakika tano. Alirudisha kabati mahali pake, na kabla ya kupandisha beseni akainua sinia tena. Maji yalikuwa nusu.

Alisimama akiwa ameshika sinia. Maji ya kidole kimoja huweza kukauka kwa siku moja ya joto, kama beseni liko wazi. Hili lilikuwa limefunikwa. Na nusu ya beseni haikauki kwa siku mbili hata juani. Maji hayakuvuja, hayakumwagika, hayakukauka. Lilibaki jambo moja tu, na alipolifikia aligundua kwamba juu ya kabati, nyuma ya beseni, kulikuwa na kikombe cha chai kilichopinduliwa juu ya sahani yake. Alikigeuza. Ndani kulikuwa na duara la manjano.

Bi Lela alikuwa amelala kwa ubavu mkekani, magoti yamekunjwa kufika kifuani.

"Mama Muhiba. Haya maji unayanywa?"

"Ni kombe," Bi Lela alisema, kama anayemweleza mtoto jambo la wazi. "Aya ikioshwa, maji yake hunywewa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Siku saba."

"Umekunywa vingapi?"

"Tangu Jumatatu magharibi. Hesabu, wewe si ndiye wa kuhesabu?"

Vilikuwa vikombe vinne, na cha nne kilikuwa cha asubuhi ile.

"Hukusikia ukali wake?"

"Makali kama ndimu mbichi. Yanachoma mpaka hapa." Aligusa kifua. "Dawa haiwi tamu."

Kanyiva alipiga magoti. Aliona sasa yale aliyoyaona siku mbili bila kuyapanga pamoja: midomo yenye weupe pembeni, ulimi uliovimba, vidole vya mkono wa kulia vikichezacheza peke yake. Alimuuliza mara ya mwisho kwenda haja ndogo ilikuwa lini. Bi Lela alifikiri, akasema jana adhuhuri.

"Nilitia dawa ndani ya hayo maji," Kanyiva alisema. "Ya kutoa wino. Ni sumu."

Kadija aliyekuwa mlangoni na karai la unga aliliweka chini.

"Ulitia nini?"

"Vijiko vitatu. Wino ulikataa kutoka. Alikataza sabuni. Sikutia sabuni."

"Nawe hukusema?"

"Sikujua kwamba maji machafu hunywewa."

"Machafu!" Kadija alimjia mpaka pua zao zikakaribia kugusana. "Unahesabu mpaka vidole vya kwenye swichi, neno moja tu likakushinda kusema?"

Kanyiva alichukua kopo mfukoni. Alisoma hadi darasa la saba na maandishi ya ubavuni aliweza kuyasoma, ingawa katika miaka yote hakuwahi kuyasoma mpaka mwisho kwa kuwa hakuwa na nia ya kula kilichomo. Yalisema: aliyemeza apewe maziwa mengi, apelekwe hospitali mara moja. Kadija alikimbilia maziwa. Kanyiva alitoka kutafuta teksi, akaipata Jogoo Road, akarudi nayo saa kumi na moja kasorobo.

Bi Lela alikunywa maziwa yote, akatapika nusu yake. Teksi hakuikubali.

"Kesho saa nne anakuja mtu wa nyumba," alisema. "Imeandikwa niwepo. Wewe mwenyewe ulisoma."

"Utakufa, wifi," Kadija alisema. "Na eda haimzuii mgonjwa. Dharura ina ruhusa yake. Muulize sheikh yeyote."

"Eda najua. Nyumba je, nayo ina dharura? Mkaguzi ana sheikh?" Alipumua. "Nikienda hospitali leo nitalazwa. Kesho atakuta kuta na wewe. Atasema mwombaji hayupo. Nikipona nitarudi wapi?"

"Kwangu."

"Kwako. Kwa wanaume wawili wenye ndevu, kwenye chumba kimoja."

Kanyiva alisema kwa sauti ya chini: "Barua inaweza kujibiwa. Ukaguzi unaweza kurudiwa. Figo hazirudiwi."

"Wifi yangu huyu aliandika kuomba wangoje eda iishe. Walikujibu nini, Kadija?"

Kadija aliangalia sakafu. Walijibu kwamba wanaongoja nyumba ni wengi.

"Basi," Bi Lela alisema. "Na yale ni maneno ya Mungu kwa mkono wa Faki. Hayawezi kunidhuru."

"Si maneno yaliyokudhuru," Kanyiva alisema. "Ni mkono wangu."

Bi Lela alimtazama. Halafu akafumba macho, akasema aachwe apumzike ili kesho aweze kukaa. Dereva wa teksi alipiga honi mara mbili, akaondoka.

Kanyiva alikwenda mbio ofisi ya nyumba. Alifika saa kumi na moja na nusu; ilikuwa imefungwa tangu saa kumi na moja. Mlinzi alimwambia kwamba mkaguzi wa Mbotela anaitwa Wanyoike, kwamba hajui anakokaa, na kwamba hufika kazini saa moja na nusu kila siku, mvua au jua.

Alhamisi saa moja na dakika tano Kanyiva alikuwa amesimama kwenye lango la ofisi. Wanyoike alifika saa moja na dakika ishirini na nane kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya chuma. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka hamsini hivi, mwenye kalamu tatu kifuani. Kanyiva alimweleza kwa sentensi nne: nyumba gani, mjane gani, ana sumu mwilini, hataki kwenda hospitali kabla ya kukaguliwa.

"Nyumba hiyo ni saa nne," Wanyoike alisema.

"Najua. Naomba iwe ya kwanza."

"Nina nyumba tatu kabla yake. Wenyewe wameomba ruhusa kazini wanisubiri."

"Hao wakisubiri hawafi."

Wanyoike alimwangalia, akatazama saa yake, akaingia ndani. Alitoka na faili baada ya dakika kumi na mbili na kupanda baiskeli kuelekea Mbotela. Kanyiva alimfuata kwa miguu, akikimbia. Walifika saa mbili na dakika ishirini na tano.

Kadija alikuwa ametundika shuka kutoka ukuta hadi ukuta. Bi Lela alikuwa nyuma yake, amekalishwa kwa mito, kwa kuwa katika eda hatazamwi na mwanamume asiye maharimu wake. Wanyoike alisita mbele ya shuka.

"Mwombaji yuko huko?"

"Yuko," Kadija alisema.

"Mama, unanisikia? Jina lako nani?"

"Lela binti Athmani." Sauti ilitoka kama karatasi inayochanwa. "Mjane wa Faki Abdurahim."

"Pole sana, mama. Nitafanya haraka."

Alifanya haraka, lakini hakuruka kitu. Alipitisha kitambaa cheupe cha mfukoni juu ya swichi, kwenye kingo za dirisha, nyuma ya mlango, jikoni. Kila mara alikiangalia. Aliomba ruhusa shuka lisogezwe kidogo upande wa kitanda, Bi Lela akajifunika uso, naye akaukaribia ukuta wa mashariki kiasi cha kuugusa kwa pua. Alisimama hapo kuliko mahali pengine popote.

"Maandishi yalikuwa hapa."

"Yalikuwa hapo," Kanyiva alisema.

"Nimeyaona mara mbili. Mara ya pili nilimwambia marehemu, bwana Faki, yatoe haya tusisumbuane. Aliniambia nikiweza kuyatoa mwenyewe niyatoe." Alirudisha shuka. "Sikuweza. Niliandika tu onyo."

Aliketi kwenye kigoda, akajaza fomu juu ya goti. Kalamu yake ilikwaruza kwa dakika nane. Alisoma kwa sauti: kuta, safi, maandishi, hakuna, mwombaji, yupo. Kisha akapitisha fomu na kalamu chini ya shuka. Mkono uliotoka kupokea kalamu uliitetemesha mpaka ikaanguka. Kadija aliiokota. Mara ya pili Bi Lela aliishika kwa mikono miwili. Ilimchukua muda, lakini jina lilikuwa zima, herufi zote zipo, nalo lilikaa juu ya mstari.

Wanyoike aliliangalia, akaweka sahihi yake chini, na tarehe, na saa: tatu na dakika tano. Aliitia fomu kwenye faili.

"Sasa mpelekeni," alisema. "Mimi nitabaki hapa mlangoni na baiskeli yangu, nendeni mkatafute gari."

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya muuza mkaa. Walimlaza nyuma juu ya godoro, Kadija akiwa amemshika kichwa, Kanyiva miguu. Njiani Bi Lela alifungua macho mara moja, akauliza kama mlango umefungwa. Kadija alimwambia umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye upindo wa kanga yake.

Walifika hospitali saa tatu na dakika hamsini. Muuguzi wa mapokezi aliuliza mgonjwa amekula nini au amekunywa nini. Kadija alimwangalia Kanyiva. Kanyiva aliweka kopo juu ya meza, maandishi yakimwelekea muuguzi, akasema: vikombe vinne vya chai, Jumatatu jioni hadi Jumatano asubuhi, ndani ya maji ya beseni moja, vijiko vitatu. Muuguzi aliuliza nani alitia.

"Mimi."

"Jina lako?"

Alilitaja, na muuguzi akaliandika chini ya jina la mgonjwa.

Daktari alisema figo zimefunga. Walijaribu dripu ya kalsiamu, wakajaribu ya maji. Ijumaa Bi Lela alikuwa na fahamu mpaka adhuhuri. Aliswali kwa macho, Kadija akimsomea. Kanyiva hakuingia wodini, wala hakufukuzwa. Alikaa kwenye benchi la korido, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Saa kumi jioni Kadija alitoka, akaketi kwenye ncha ya pili ya benchi. Baada ya muda alimsukumia nusu ya mkate kwenye karatasi. Kanyiva alikula.

Jumamosi tarehe 19, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, muuguzi wa zamu alifungua mlango wa wodi, akawaambia kwamba Bi Lela amefariki.